Venezia kwa miguu: Siku moja katika mji uliojengwa na wafanyabiashara

VENEZIA, Italia. Mzigo wowote unaoingia katika mji huu, uwe kreti la bia, godoro au mfuko wa saruji, huvuka maji kwa boti na kumalizia safari juu ya mkokoteni. Gari haliingii, pikipiki hakuna, na kuendesha baiskeli ni marufuku. Barabara ya lami inaishia Piazzale Roma, reli inaishia stesheni ya Santa Lucia, na kuanzia hapo tajiri na hamali wote wanatumia miguu.

Mikokoteni yenyewe inastahili kutazamwa na yeyote aliyewahi kusukuma mzigo pale Busia au Rusumo. Ina magurudumu mawili makubwa, na mbele yake imefungiwa mengine mawili madogo. Hamali akifika kwenye daraja huegemeza yale madogo kwenye kidato cha kwanza, anainua, na mzigo unapanda kidato kwa kidato bila kumwagika. Ni ufundi wa lazima, kwa sababu mji umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, na mengi kati ya hayo yana ngazi.

Nilitembea mji huu, ambao wengi tunaujua kwa jina la Kiingereza la Venice, tangu asubuhi hadi taa zilipowashwa. Ilikuwa kama kilomita 10 za kupanda na kushuka ngazi, nikiwa na maswali mawili. Ilikuwaje watu walioishi juu ya matope, bila shamba la nafaka na bila maji ya mto ya kunywa, wakashika biashara ya pilipili, hariri na dhahabu kwa karne kadhaa? Na ilikuwaje biashara hiyo ikawahama? Kwa msomaji anayekula kwa kuvuka mpaka, majibu yake yana faida hata leo.

Kwanza kuna kiingilio. Tangu Aprili 25, 2024, mgeni anayekuja Venezia kwa siku moja na kuondoka hulipa euro 5 katika baadhi ya siku zenye msongamano, akiingia kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10:00 jioni. Mwaka 2025 siku za malipo ziliongezwa, na aliyechelewa kulipa mapema alitozwa euro 10. Malipo hufanyika kwa simu, na wakaguzi wanaweza kukuomba uthibitisho ukishuka kwenye treni. Anayelala hotelini haguswi na tozo hiyo, kwa kuwa kodi yake iko kwenye bili ya chumba. Yaani mji ulioishi kwa kutoza ushuru wa bidhaa leo unatoza ushuru wa watazamaji.

Mitumba nyuma ya malango

Ukitoka stesheni ukashika kushoto, kisha ukavuka daraja la Guglie, unafika mtaa wa Ghetto kwa mwendo wa takriban robo saa. Ni uwanja mtulivu uliozungukwa na nyumba ndefu nyembamba, nyingine za ghorofa saba au zaidi, zenye madirisha yaliyobanana kwa sababu dari zake ziko chini.

Urefu huo una historia. Machi 29, 1516, serikali ya Venezia iliamuru Wayahudi wa mji wahamie kwenye kisiwa hiki kidogo kilichowahi kuwa na kiwanda cha kusubu shaba. Wengi wanakubali kwamba jina la kiwanda hicho ndilo lililozaa neno ghetto linalotumika sasa dunia nzima. Malango yalifungwa usiku, na walinzi waliozunguka kwa boti walilipwa na Wayahudi wenyewe. Watu walipoongezeka ardhi haikuongezeka, kwa hiyo nyumba zikapanda juu.

Kazi walizoruhusiwa zilikuwa chache: kukopesha fedha kwa rehani, udaktari, na kuuza nguo kuukuu. Kushona nguo mpya kulikuwa haki ya vyama vya mafundi Wakristo. Kwa lugha yetu, waliachiwa mitumba. Na walifanya mitumba hiyo kwa ufundi mkubwa, wakinunua, wakikarabati, wakikodisha mapazia na samani hata kwa wakubwa waliotaka kupamba nyumba kwa sherehe ya siku moja.

Chini ya baraza moja bado kuna mlango wa Banco Rosso, duka la rehani lililopata jina lake, kama wanavyoeleza wenyeji, kutokana na rangi nyekundu ya risiti zake. Maskini wa mji waliweka vitu vyao rehani hapa, wakati mkopeshaji mwenyewe alifungiwa lango jua likizama. Serikali iliihitaji biashara yake na kodi yake, lakini mtu mwenyewe haikumtaka mjini usiku. Malango yaliondolewa mwaka 1797, majeshi ya Napoleon yalipoingia.

Nyumba ya wageni kutoka kaskazini

Kutoka Ghetto njia pana ya Strada Nova inakupeleka kusini-mashariki hadi kiwanja cha San Bartolomeo, karibu na daraja la Rialto. Hapo kuna duka la dawa lenye kibao cha namba dirishani. Kinaonyesha idadi ya wakazi waliobaki katika mji wa kale. Mwaka 1951 walikuwa karibu 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Wageni waliokuwa wakikipita kibao hicho na aiskrimu mikononi walikuwa wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Hatua chache kutoka hapo limesimama jengo kubwa jeupe la Fondaco dei Tedeschi, yaani fondaco ya Wajerumani. Neno fondaco lilitoka kwenye Kiarabu funduq, nyumba ya kulala wasafiri na bidhaa zao. Aliyefanya kazi Dubai au Muscat amelisoma kwenye mabango ya hoteli. Nyumba hii ilianza mwaka 1228, ikaungua 1505, na jengo jipya likakamilika 1508.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mfanyabiashara wa Kijerumani aliyeshuka kupitia milima ya Alps na fedha, shaba au vitambaa alitakiwa kulala humu na kuhifadhi bidhaa humu. Hakuruhusiwa kuuza peke yake. Alipewa dalali aliyeteuliwa na serikali, aliyeshuhudia mapatano, akayaandika, na kuhakikisha kodi inalipwa. Wavenezia walimwita dalali huyo sensale, neno lililotoka pia kwenye Kiarabu, simsar.

Mtu anaweza kuiona kama jela ya wafanyabiashara, na kweli ilikuwa na masharti ya kubana. Lakini mgeni alipata kitu ambacho njiani hakukipata: ghala lenye mlinzi, shahidi wa mauzo, na mahali pa kudai akidhulumiwa. Mwaka 1621 Waturuki nao walipewa nyumba yao upande wa pili wa Mfereji Mkuu, ingawa wakati huo Venezia na dola ya Uturuki walikuwa wamepigana vita mara kadhaa. Vita vilipokwisha, watu walirudi kuuziana. Jengo hilo la Waturuki sasa ni makumbusho ya viumbe. La Wajerumani limewahi kuwa posta, na mwaka 2016 likafunguliwa kama duka la bidhaa za anasa.

Rialto: mizani mbele ya kanisa

Daraja la Rialto la mawe lilijengwa kati ya 1588 na 1591, baada ya madaraja ya mbao yaliyotangulia kuanguka zaidi ya mara moja. Msanifu wake, Antonio da Ponte, aliliwekea safu mbili za maduka juu yake. Kodi ya vibanda hivyo ilisaidia kulipia daraja. Hadi leo maduka yapo, yakiuza vito, mikoba na sumaku za kubandika kwenye friji.

Ukishuka upande wa pili unakutana na kanisa dogo la San Giacomo, lenye saa kubwa usoni inayosifika kwa kutosema wakati sahihi. Nenda nyuma yake. Juu ya ukuta kuna maandishi ya kale ya Kilatini yanayowaasa wanaofanya biashara kuzunguka kanisa hilo kwamba sheria iwe sawa kwa wote, mizani isipinde, na mikataba isiwe ya hila. Hayakuandikwa ndani ya ofisi. Yaliandikwa sokoni, pale ambapo muuzaji na mnunuzi walisimama.

Kwenye kiwanja hiki waliketi wenye benki. Neno benki lenyewe lina asili ya banco, yaani meza au benchi lao. Mteja hakuhitaji kubeba mfuko wa sarafu. Alikuja na mdai wake, akatamka mbele ya mwenye benki, na kiasi kikahamishwa kutoka ukurasa wa huyu kwenda ukurasa wa yule kwenye daftari. Baadhi ya benki hizo zilifilisika na akiba za watu, hivyo mwaka 1587 serikali ikafungua benki ya umma hapahapa, na 1619 ikafuata nyingine iliyoitwa Banco del Giro. Anayetuma fedha kwa simu kutoka Kampala kwenda Nairobi anafanya jambo lilelile, isipokuwa daftari halionekani.

Hata namna ya kuandika daftari ilisambaa kutoka hapa. Mwaka 1494 mtawa Luca Pacioli alichapisha mjini Venezia kitabu cha hesabu kilichoeleza utaratibu wa wafanyabiashara wa mji huu wa kuandika kila muamala mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea. Hakuubuni yeye, aliukuta ukitumika. Wahasibu wa leo bado wanatumia utaratibu huo.

Mkabala na kanisa kuna sanamu ya mtu aliyeinama, amebeba ngazi mgongoni. Wenyeji humwita Gobbo, yaani kibiongo, na ilichongwa mwaka 1541. Juu ya jiwe lililo kando yake mtangazaji wa serikali alisoma sheria mpya. Wezi wadogo walihukumiwa kukimbia uchi kutoka uwanja wa San Marco hadi hapa huku wakichapwa njiani, na mateso yaliisha walipoibusu sanamu.

Soko la samaki lililo jirani bado linafanya kazi asubuhi, isipokuwa Jumapili na Jumatatu. Kwenye ukuta kuna bamba la marumaru lililoorodhesha urefu mdogo kabisa unaoruhusiwa kuuzwa kwa kila aina: dagaa sentimita 7, chaza sentimita 5, mkunga sentimita 25. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaozuiwa kuuza sangara wa chini ya sentimita 50 watalielewa bamba hili mara moja. Jambo lililonivutia ni mahali lilipowekwa. Mnunuzi, muuzaji na mkaguzi wote wanasoma maneno yaleyale kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kudai faini kwa kanuni iliyofichwa mfukoni.

San Marco na mzigo uliopita forodhani

Kutoka Rialto kichochoro cha Mercerie, ambacho tangu zamani ni cha maduka ya nguo, kinatokea uwanja wa San Marco. Wauzaji wadogo wa mikoba, wengi wao vijana kutoka Afrika Magharibi, ni sehemu ya mandhari ya miji ya kitalii ya Italia. Shuka lao lina kamba kwenye pembe ili polisi wakitokea walikunje kwa mkono mmoja. Mgeni anayenunua kwao bidhaa bandia naye anaweza kutozwa faini kwa sheria ya Italia. Machinga wa kwetu angetambua kamba zile kabla ya kuambiwa.

Kanisa kuu la San Marco lina hadithi ya kuanzia ambayo kila mvuka mpaka atatabasamu akiisikia. Inasimuliwa kwamba mwaka 828 wafanyabiashara wawili wa Venezia, Buono na Rustico, waliiba mabaki ya Mtakatifu Marko mjini Alexandria, Misri. Ili wapite forodhani waliyafunika kwa nyama ya nguruwe, na wakaguzi Waislamu wakageuza nyuso bila kupekua. Mji haukuificha habari hiyo. Uliichora kwa vijiwe vya rangi kwenye kuta za kanisa, yaani mtakatifu mlinzi wa mji alifika kama magendo.

Si kila kitu hapa kilipatikana kwa ujanja wa kuchekesha. Farasi wanne wa shaba walio juu ya mlango ni nakala. Wa asili wako ndani, na waliletwa kama nyara baada ya Constantinople kuporwa mwaka 1204. Venezia ilinunua na kuuza watu pia, wengi wao waliotolewa pwani za Bahari Nyeusi. Anayeusifu uaminifu wa mizani ya Rialto akumbuke kwamba miongoni mwa waliouzwa walikuwa binadamu.

Pembeni, ukielekea maji, kuna jengo la zamani la kutengenezea fedha, Zecca, jina jingine la asili ya Kiarabu, kutoka sikka. Dukati ya dhahabu ya Venezia ilianza kugongwa mwaka 1284, ikiwa na takriban gramu 3.5 za dhahabu karibu safi. Uzito na ubora wake haukubadilishwa hadi dola ilipokufa mwaka 1797. Kwa zaidi ya miaka 500 mtu wa Cairo au wa pwani ya India aliipokea kwa sababu alijua kilichomo ndani yake.

Ndani ya ikulu ya mtawala, aliyeitwa doge, kuna matundu ukutani yaliyochongwa kama kinywa cha simba. Raia alitumbukiza humo barua ya kumshtaki mkwepa kodi au ofisa mla rushwa. Na kuna ukumbi mkubwa wa Baraza Kuu, ambao ndani yake ndimo nilimopata nusu ya jibu la swali langu la pili.

Katika karne za mwanzo Wavenezia walikuwa na mkataba ulioitwa colleganza. Mwenye mtaji alibaki nyumbani na kijana asiye na kitu alisafiri na bidhaa. Waliporudi kugawana, mwenye mtaji alichukua robo tatu ya faida na msafiri robo moja. Hasara ya mtaji ilikuwa ya mwenye mtaji. Watu wa mwambao watauona undugu wake na mudharaba. Kwa mkataba huo kijana wa kawaida aliweza kurudi na mtaji wake mwenyewe, baada ya safari chache akawa tajiri, na akaingia Baraza Kuu kuketi na wenye majina.

Mwaka 1297 mlango huo ulibanwa. Kwa hatua inayoitwa serrata, yaani kufunga, viti vya Baraza vilianza kuwa mali ya koo zilizokuwa tayari ndani. Miaka iliyofuata safari zenye faida kubwa zaidi, zile za meli za msafara wa serikali, zikabaki mikononi mwa koo hizohizo. Mji uliendelea kutajirika kwa muda mrefu, lakini njia aliyopandia kijana maskini ilikuwa imepunguzwa.

Shanga za Castello zilizofika Tabora

Mchana nilifuata ukingo wa maji kuelekea mashariki hadi Arsenale, karakana ya meli iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 12. Jina lake nalo ni la Kiarabu, dar as-sina'a, nyumba ya ufundi. Maelfu ya mafundi walifanya kazi hapa, kila kundi na sehemu yake: huyu mbao, huyu kamba, huyu tanga. Ukumbi wa kusokota kamba pekee una urefu wa zaidi ya mita 300. Simba wa mawe waliopo langoni waliletwa kutoka Ugiriki.

Nyuma ya Arsenale ni Castello, mtaa ambao bado kuna nguo zinazoanikwa kuvuka vichochoro na wazee wanaocheza karata. Katika karne ya 19 wanawake wa hapa, walioitwa impiraresse, waliketi vizingitini na sinia la mbao lililojaa shanga ndogo za kioo. Walishika sindano ndefu nyingi kwa mpigo kama feni, wakazichoma kwenye shanga hadi zikajaa, kisha wakazihamishia kwenye nyuzi. Kioo kilitoka kisiwa cha jirani cha Murano, ambako watengeneza vioo walihamishiwa mwaka 1291 kwa hofu ya tanuri zao kuunguza mji.

Nyuzi hizo zilisafiri mbali. Shanga za Venezia zilifika Zanzibar, zikavuka hadi Bagamoyo, na wapagazi wakazibeba vichwani hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Zilikuwa fedha ya njiani ya kununulia chakula na kulipa hongo ya kupita kwa watemi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857 hadi 1859, aliandika kurasa nzima kuhusu aina zake na bei zake. Zile nyekundu zilizopendwa sana ziliitwa samesame. Mkuu wa msafara alipaswa kujua mtaa gani unapokea rangi gani mwaka huo, kwani ladha ilibadilika, na aliyebeba rangi iliyopitwa na wakati alikuwa amebeba kokoto.

Mama wa Castello aliyelipwa kidogo kwa kila fungu, na mpagazi Mnyamwezi aliyelibeba fungu hilo kwa miezi kadhaa, hawakujuana. Walikuwa kwenye mnyororo mmoja wa biashara, na sehemu kubwa ya faida ilibaki katikati yao.

Forodha ya kale, na pepo za Malindi

Jioni nilirudi magharibi, nikavuka daraja la Accademia na kufuata ukingo hadi ncha ya Punta della Dogana. Anayechoka anaweza kuvuka Mfereji Mkuu katika vivuko vichache kwa gondola ya abiria kwa euro 2, akilinganisha na euro 9.50 za tiketi ya dakika 75 ya boti ya mji.

Dogana ni forodha. Neno hilo lilitoka kwenye Kiarabu diwan, ofisi ya kumbukumbu, neno hilohilo lililotupa diwani. Wafaransa wakalifanya douane, na ndilo linalosikika leo kwa wafanyabiashara wa Bukavu, Goma na Bujumbura. Sisi wengine tulichukua neno jingine la Kiarabu na kusema forodha. Jengo lililopo lilijengwa miaka ya 1677 hadi 1682. Juu yake kuna tufe la dhahabu, na juu ya tufe sanamu ya Bahati inayogeuka kila upepo unapogeuka.

Jirani limesimama kanisa la Salute, lililojengwa kwa nadhiri baada ya tauni ya 1630 na 1631 kuua takriban theluthi moja ya mji. Mji wa bandari uliogopa tauni kuliko maadui. Mwaka 1423 ulifungua kwenye kisiwa hospitali ya kudumu ya kuwatenga wagonjwa, na 1468 kisiwa kingine cha kuzuia watu na bidhaa zilizotiliwa shaka. Siku 40 za kusubiri, quaranta, ndizo zilizotupa karantini. Dereva aliyelala wiki kwenye foleni ya Malaba mwaka 2020 akisubiri majibu ya kipimo alikuwa ndani ya neno lililozaliwa kwenye maji haya.

Na hapa ndipo nusu ya pili ya jibu. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Mombasa haikumpokea vizuri. Malindi ilimpa rubani, na mwezi Mei akafika Calicut, India. Nguzo yake ingali pale Malindi. Mwaka 1501 habari za meli za Ureno zilizorudi na viungo zilipofika Rialto, Girolamo Priuli, mfanyabiashara aliyeandika shajara, aliona mbali. Pilipili iliyopita nchi za Sultani wa Misri ilitozwa ushuru kituo baada ya kituo hadi bei ikapaa. Ile ya Lisbon ilizunguka baharini bila vituo hivyo. Wanunuzi wa kaskazini, aliona, watafuata bei.

Haikutokea kwa siku moja. Katikati ya karne ya 16 pilipili ya Bahari ya Shamu ilirejea kwa wingi, na Venezia ikafanya biashara nzuri. Lakini Waholanzi na Waingereza walipoingia Bahari ya Hindi baada ya 1600, njia ya zamani haikupona. Mei 12, 1797, Baraza Kuu lilipiga kura ya kujivunja mbele ya tishio la Napoleon.

Mizigo ya leo inashukia Marghera, bara, nje ya mji wa kale. Jengo la forodha, tangu 2009, ni ukumbi wa sanaa za kisasa. Mahali pa makarani waliohesabu magunia, wageni hukata tiketi kutazama.

Nchi zetu zina miji iliyozaliwa na njia: Namanga, Malaba, Mutukula, Kasumbalesa. Tumeona njia zikihama pia. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulipofungwa Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, walioishi kwa kuuza upande wa pili hawakupewa miaka mia ya kujiandaa kama Venezia. Malori ya masafa marefu yalitafuta njia nyingine. Mama wa kikapu hakuwa na njia nyingine.

Utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, una orodha ya bidhaa zinazopita kwa cheti chepesi cha asili bila ushuru wa forodha. Orodha hiyo inatakiwa kuwa wazi kwa kila anayevuka. Wavenezia waliandika urefu wa dagaa kwenye marumaru na uzito wa haki kwenye ukuta wa kanisa, kwa herufi ambazo mtu aliyebeba mzigo angeweza kuzisoma. Mvuka mpaka akifika kituoni wiki hii, atazame ukutani kabla ya kufungua pochi. Kama orodha haipo, aiulize kwa sauti, na wenzake walio kwenye foleni wasikie.